Mwalimu Aliyehamisha Minyaa

Nilijifunza kuchora kwa rangi za maji kwa mtu niliyemchukia, na nilimchagua kwa sababu hiyo. Wageni wakiona picha zangu ukutani huniuliza kama kipaji kilianza utotoni, nami huwajibu kwa adabu kwamba ni neema ya Mungu. Neema gani! Ilikuwa hasira tupu. Kama ugomvi wangu ungekuwa na seremala, leo ningekuwa natengeneza viti.

Sisi tulikuwa wakulima wa Bihambwe, katika milima ya Masisi. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama alilima maharage na mihogo kwenye mteremko alioachiwa, na ndani ya mteremko huo kulikuwa na chemchemi ndogo, maji baridi yasiyokauka hata kiangazi. Ng'ambo kidogo ya chemchemi ulisimama mstari wa minyaa, ile miti isiyo na majani, yenye utomvu mweupe unaowasha, ambayo kwetu hupandwa mpakani kwa sababu ng'ombe hawaili na kila mtu anajua maana yake. Upande wa pili wa mstari alikaa jirani mwenye ng'ombe wengi na maji machache.

Miaka michache baada ya uhuru, vurugu zilipopanda milimani, tulifunga mizigo tukashuka Walikale, kwa mjomba wangu aliyekaa Mpofi. Tulilima mashamba ya watu, tukala sombe, kisamvu cha watu, tukangoja. Tuliporudi, nyumba ilikuwa bado imesimama, lakini minyaa haikuwepo. Ilikuwa imeng'olewa mpaka mizizi, mashimo yamefukiwa na nyasi zimeota juu yake. Ng'ombe wa jirani walikuwa kwenye chemchemi yetu wanakunywa, wametulia kabisa.

Mama alimwendea, akamuuliza kwa upole. Jirani alijibu akiwa ameketi.

"Mama, mupaka ilikuwa huku chini toka zamani, mbele ya maji. Bwana yako njo alikuwa anaisogeza pole pole. Mi nilinyamaza tu juu ya ujirani."

Kumsingizia marehemu! Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya Mama na damu ikanichemka mpaka masikio yakauma. Mama alimtakia siku njema, akageuka tukaondoka.

Kesi ilifika kwenye baraza la shefu, chifu wa mlima wetu. Wazee waligawanyika. Wale waliokuwa wakinywa maziwa ya jirani waliukumbuka mpaka wake, wengine waliukumbuka wetu, na wengi zaidi walikumbuka kwamba wana kazi nyumbani. Hapo jirani akatoa picha.

Bihambwe palikuwa na mtu mmoja tu aliyechora. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa mke wa mzungu wa mashamba ya kahawa; yule mama alikuwa akichora milima na maua, akamfundisha mfanyakazi wake kwa kukosa mtu wa kuongea naye. Wazungu walipoondoka walimwachia masanduku ya karatasi na rangi. Picha zake aliziuza Sake, pale njia za Goma, Masisi na Minova zinapokutana, na kwa kuwa alikubali pia kufundisha, watu walimwita Mwalimu. Sifa yake ilikuwa kwamba haongezi kitu. Kama kuku wako hana mkia, kwenye picha ya Mwalimu utamkuta hana mkia. Alikuwa ameoa dada wa yule jirani yetu, na nyumba yake ilisimama kwenye ardhi ya shemeji yake. Hilo nalo kila mtu alilijua, ila siku ile hakuna aliyelisema.

Picha ilionyesha mteremko wetu asubuhi, mzuri ajabu, na minyaa imesimama huku chini, mbele ya maji, chemchemi ikiwa upande wa jirani. Shefu alimwita Mwalimu.

"Uliichora wakati gani?"

"Niliianza mbele vurugu haijafika."

"Na njo vile iko?"

Mwalimu alitazama chini. "Picha njo hiyo, Shefu."

Shefu akawageukia watu. "Huyu muntu hajaongezaka hata kuku. Mimi nitasema nini?" Basi, ikawa imekwisha. Chemchemi ilikwenda kwa jirani, pamoja na kipande kizuri cha maharage, na shefu akaipenda picha hata akaiomba, akaitundika nyumbani kwake.

Tangu siku hiyo Mama alikuwa akiteka maji bondeni. Njia ya bondeni ni ya utelezi, na mvua za kwetu hazina likizo. Alishuka na kupanda akiwa na mtungi, akapita karibu na maji yake mwenyewe, akawasalimia wachungaji waliokuwa wakinywesha. Siku moja alianguka, akarudi na goti limepasuka na mtungi hauna kitu. Nilimfunga goti na nikaapa moyoni kwamba Mwalimu atanilipa. Jirani alikuwa mwizi, na mwizi anajulikana. Mwalimu ndiye aliyemvalisha mwizi nguo safi.

Wazo langu lilikuwa la kijinga na nililipenda sana. Nitajifunza kwake mpaka nimshinde. Kisha nitachora mteremko wetu kama ulivyokuwa, na baraza litaiamini picha yangu kuliko yake. Nilikuwa msichana wa kuolewa, na shangazi zangu walidhani nimerukwa na akili.

Nilimkuta amekaa mlangoni akiosha brashi. Nikamsalimu, nikamwambia nataka kujifunza ile kazi ya rangi za maji aliyoiita akwarele. Alinitazama kidogo usoni.

"Utalima mu shamba yangu asubuhi," alisema, "saa ya mangaribi nakufundisha."

Hakuniuliza mimi ni mtoto wa nani. Siku ya kesi nilikuwa nimesimama mbele yake barazani, naye ametunyang'anya maji, halafu hata sura yangu haikumkaa kichwani! Nilichukua jembe nikamlimia maharage yake, nikiyapalilia kwa uangalifu wa mtu anayefuga nguruwe wa kuchinja.

Kazi yenyewe ilinitoa jasho. Kwanza, rangi za maji hazina nyeupe. Nyeupe ni karatasi yenyewe, na ukiipaka kwa bahati mbaya, imekwenda. Wingu ni mahali ambapo umejizuia kugusa. Pili, Masisi hakuna kinachokauka. Picha niliyoianza jana nilikuta leo bado imelowa, na nilipoianika juu ya jiko la Mama, kwenye uchaga wa mahindi, ilishuka imekauka na imekuwa ya njano kwa moshi. Mwalimu aliinusa akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, jambo lililoniudhi sana.

Kosa langu kubwa lilikuwa la watu wa kwetu wote. Aliniketisha nje akaniambia nichore mlima wa mbali, ule wa upande wa Sake. Nilichora siku nzima. Nilipomwonyesha, mlima ulikuwa na mashamba yote, kila moja na mpaka wake, mahindi hapa, mtama pale, na mashimo ya mihogo ya mjane mmoja ninayemjua.

"Macho yako inaona mihogo kule?"

"Hapana, Papa Mwalimu."

"Sasa mbona iko ku karatasi?"

"Juu ya vile iko kule. Naijua."

"Unachora kitu yenye unajua. Bantu ba huku bote njo vile, mukiona mulima munaona tu shamba ya nani na ya nani. Chora kitu yenye unaona. Ile mulima ni buluu tu, na juu yake kidogo moshi."

Nilitazama tena na kweli ulikuwa buluu. Nilikuwa nimeishi chini ya mlima ule miaka yangu yote bila kuiona rangi yake. Sitasema uongo: nilifurahi, na nilichukia kwamba furaha hiyo imetoka mkononi mwake. Usiku sikulala vizuri kwa ajili hiyo.

Jambo alilolikazia kuliko yote lilikuwa kivuli. Kabla ya kijani, kabla ya udongo, kabla ya mtu au ng'ombe, tulichora vivuli peke yake, kwa rangi moja ya kijivu iliyochanganywa na buluu. Karatasi nzima ilikuwa madoa ya kijivu yasiyo na maana. Vikishakauka, ndipo tuliweka miti na majani juu yake, na rangi zikiwa nyepesi, kijivu kile kilibaki kikionekana chini. Nilimuuliza kwa nini tunaanza nyuma namna hii.

"Juu jua inatembea," alisema. "Muti itakungoja mpaka kesho. Kivuli haikungoje. Ushike kivuli kwanza, basi hata ukimaliza picha kisha mwezi moja kupita, utajua muti ilikuwa fasi gani."

Alinirudisha kwenye jambo hilo wiki baada ya wiki. Nilikwisha kulijua, bado ananirudisha. Nilichora vivuli vya nguzo, vya mbuzi, vya wanawake wanaopita na mizigo. Nilidhani ananichelewesha ili nizidi kumlimia.

Msimu wa mavuno ulipofika, ilibidi kupeleka kwa shefu kapu la maharage mapya, kama kila nyumba ya mlima wetu inavyofanya kwa ajili ya ardhi inayoilima. La kwetu lilikuwa dogo mwaka ule. Nililipeleka mimi. Shefu alikuwa nje, mke wake akanikaribisha ndani, na pale ukutani, juu ya kiti, ilikuwa ile picha.

Nilikuwa nimeiona barazani, lakini barazani niliona miti tu, kama wote. Sasa macho yangu yalikwenda kwenye vivuli kabla ya mimi kuyaambia. Minyaa ilisimama huku chini, mbele ya maji, na haikuwa na kivuli. Kule ng'ambo ya chemchemi, chini ya kijani cha nyasi, ulilala mstari mrefu wa kijivu, mwembamba, na meno meno kama ya matawi. Watu waliokuwa wameutazama walidhani ni njia ya ng'ombe. Ulikuwa kivuli cha minyaa yetu, alichokishika kabla ya vurugu, miti ikiwa bado imesimama mahali pake. Miti aliipanda baadaye alipoambiwa aipande.

Nilicheka peke yangu kwa sauti. Mke wa shefu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Leo niko muzima sana."

Mtu mwingine angekimbia kupiga kelele siku ile ile. Mimi nilimeza. Nilitaka Mwalimu awepo, na shemeji yake, na wazee wale wale, na wake zao. Nikaendelea kwenda kwake kulima na kuchora kama kawaida, namwitikia vizuri, nasafisha brashi zake. Sijawahi kuwa mwanafunzi mtiifu kama majuma yale. Kila nilipomtazama akiinama juu ya karatasi yangu kunisahihisha, niliona utamu mdomoni.

Baraza lilipokutana kwa kesi za msimu, Mama aliomba neno, na neno akanipa mimi. Wanaume walinung'unika. Shefu, nadhani kwa sababu ya kuchoka, aliniacha niseme. Niliomba picha iletwe nje, kwenye jua la asubuhi. Kisha nikawaomba watu wote wasimame na kila mmoja atazame kivuli chake kimeanzia wapi. Walicheka, wakasimama, wakatazama miguu yao.

"Papa Mwalimu," nikasema, "ulinifundisha kuanza na nini?"

"Kivuli," alijibu. Alijibu upesi, kabla sijamaliza.

"Juu ya nini?"

"Juu kivuli haikungoje. Ukikishika, utajua muti ilikuwa fasi gani."

"Sasa utuonyeshe, Papa. Kivuli ya hii minyaa iko wapi?"

Akasogea, akaweka kidole kwenye ule mstari wa kijivu, ng'ambo ya maji. Hakutetemeka. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele kimoja na kunyamaza kwa aibu. Shefu alichukua picha mikononi, akatazama miti, akatazama kivuli, akatazama miguu yake. Jirani alianza kusema kuhusu njia ya ng'ombe. Shefu akamwambia anyamaze.

Hukumu ilikuwa kwamba mpaka urudi mahali pake, na kwamba waliouondoa waurudishe kwa mikono yao. Siku ya kupanda nilibeba kigoda changu mpaka shambani nikaketi. Jirani alichimba mashimo, Mwalimu akakata vipande vya minyaa na kuvisimamisha, utomvu ukimtiririka kwenye vidole vilivyozoea brashi. Watu walipita wakisimama kutazama. Alipokosea mstari nilimwambia, "Huku kidogo, Papa. Hapana, huku." Alisogeza. Sijui kama nimewahi kula chakula kilichokuwa na ladha kama siku ile, na chakula chenyewe kilikuwa maharage makavu ya jana. Jioni Mama alijaza mtungi kwenye chemchemi yake, akanawa uso, akakaa pale mpaka giza likaingia.

Shemeji alimfukuza Mwalimu kwenye ardhi yake kabla ya mvua kuisha. Sake hakuna aliyenunua tena picha zake. Watu walizigeuza wakitafuta kivuli, wakacheka, wakarudisha. Neno likazagaa kwamba Mwalimu ni mwongo asiyejua hata kudanganya. Alihamia Walikale. Mimi nilibaki nikachora, na pole pole wakaanza kununua zangu.

Kama miaka miwili baadaye nilishuka Mpofi kumwona mjomba na kutafuta mawese ya kuuza. Nilimkuta sokoni, nyuma ya meza ya chumvi na sabuni. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Aliniita mutoto yangu, akafuta gogo ili niketi, na nikaketi, kwa sababu nilitaka kumwona vizuri.

"Nilikuwa nakungojea," alisema. "Mi nilikujua toka siku ya kwanza. Uso yako ni ya baba yako. Mi nachoraka bantu, ningekosa kuiona?"

Niliweka mawese yangu chini, katikati ya miguu.

"Kile kivuli, nilikiacha kusudi. Bokilo, ule shemeji yangu, alisimama nyuma yangu, akanionyesha na kidole fasi ya kuweka miti. Kivuli ilikuwa tayari ku karatasi. Kuifunika ni kazi kidogo tu, unajua. Sikuifunika. Nikasema kuko siku muntu ataona. Kisha ukakuja weye, na nikakufundisha kivuli mpaka ukachoka."

Hapo nilitaka kumwagia chumvi yake usoni. Kisasi changu nilikilea mwenyewe, nikakilisha kwa jasho langu, nikakilimia shamba lake. Na sasa mtu huyu ameketi nyuma ya sabuni ananiambia kwamba ni yeye aliyenipa.

"Mbona haukusema mu baraza?"

"Niliogopa. Nyumba ilikuwa yake. Bibi ni dada yake."

"Mama yangu alikuwa anateka maji bondeni."

"Najua."

"Alianguka."

"Najua. Nilikuwa namuona."

Alikuwa akimwona. Mlango wake ulitazama njia ile ile. Alikaa pale na brashi zake, jicho lake zuri likimhesabia Mama kila hatua ya utelezi, na akangoja mtu mwingine aje kuwa jasiri badala yake.

"Nakuomba kitu moja tu," alisema. "Kule Bihambwe banasema sikujua kazi yangu. Ubaambie niliacha kivuli kusudi. Kama ni weye unasema, bataamini." Alisogeza sabuni zake mezani. "Sitaki kingine."

Nilisimama, nikamuaga kwa heshima zote anazostahili mwalimu, nikachukua mawese yangu.

Njia nzima ya kurudi milimani nilipima maneno yake. Nilikumbuka jinsi alivyojibu upesi, na kile kidole kisichotetemeka. Nadhani alisema kweli. Nilichunguza moyo wangu kama umelainika, nikaukuta vile vile.

Mama alikuwa kwenye chemchemi akiosha maharage nilipofika. Aliuliza habari za mjomba, kisha akauliza kama ni kweli Mwalimu yuko Mpofi.

"Iko," nikasema. "Anauza chumvi."

"Anasema nini?"

"Hasemi kitu."

Alifia huko huko Mpofi, na Bihambwe waliendelea kumcheka muda mrefu baada ya hapo, kwenye pombe na kwenye kilio. Mimi nilikuwa nikikaa nao nikisikiliza. Leo nimesema alichoniomba niseme: aliijua kazi yake vizuri kuliko sisi sote, na kivuli alikiacha kusudi. Jina lake sijaliandika. Na wale aliotaka waambiwe, nilingoja mpaka wa mwisho wao akazikwa.